Baba asiye na uso

Kuna orodha moja isiyokufa. Kila muhula lazima mtu airushe upya kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu wa chekechea: mtoto akichora kwa rangi nyeusi ana huzuni, akichora mikono mikubwa, kwao anapigwa, asipojichora yeye mwenyewe, hajithamini, akimweka baba mbali na mama, ndoa ina matatizo. Chini yake hufuata makofi na "asante sana mwalimu, nimejifunza". Kesho yake utasikia mzazi ameitwa ofisini.

Nafundisha darasa la topu, watoto wa miaka mitano na sita, huku Katwe, Kampala. Darasa langu ni mchanganyiko: Waganda, Wanubi wachache, na Wakongomani wengi, maana Katwe na Nsambya ndiko sisi tuliotoka Kivu tunakopata vyumba vya bei tunayoiweza. Mimi ni mtu wa Uvira. Michoro ya familia naipenda na naitumia karibu kila wiki. Ugomvi wangu ni na hiyo orodha tu. (Majina ya watoto sitayaandika, na vitu vingine vidogo nimevibadilisha, kwa hiyo msinitafute mkidhani ni mtoto wenu.)

Tuanze na rangi nyeusi. Meza moja ya watoto sita inagawana pakiti moja ya kreyoni. Nyekundu huisha kwanza, ikifuatiwa na njano, kisha ile ya waridi ambayo wasichana huifichana kwenye soksi. Muhula ukifika katikati kimebaki nyeusi, kahawia, na nyeupe ambayo kwenye karatasi haionekani. Anayekaa mwisho wa benchi huchora ukoo mzima mweusi. Kabla hujampeleka kwa mshauri, angalia amekaa wapi.

Kuna mvulana alimchora baba yake bila uso. Mwili upo, suruali ipo, viatu vipo hadi kamba, na juu ya shingo pana boksi jeusi alilolikoleza mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akipita alisimama, akashika mdomo. Nikachuchumaa pembeni ya mtoto nikamwambia, "Niambie kuhusu huyu." Akanitazama kwa huruma. "Ticha, huyu ni papa. Anachomelea."

Ilikuwa barakoa ya kuchomelea. Mtu anayeijua Katwe hahitaji maelezo: ukitoka barabarani mpaka ndani ya vichochoro ni mageti, masigiri, fremu za vitanda na cheche. Yule mtoto kila akitoka shule anapitia kwenye kibanda cha baba yake na kumwona hivyo hivyo, boksi jeusi na mwanga wa buluu ambao ameambiwa asiutazame. Aliniongezea kwamba baba akivua hilo boksi siku imeisha, wanakwenda nyumbani. Kwake lilikuwa jambo la kujivunia, wala halikuwa na kivuli chochote cha hofu.

Msichana mwingine alichora watu wanane wa kwao na mwenyewe hakujiweka. Nilimuuliza yeye yuko wapi. Akasema, "Mimi si ndiye ninayechora?" Sikuwa na la kujibu. Mpiga picha naye haonekani kwenye picha ya harusi.

Hiyo orodha haikutoka hewani, na ni haki kusema ilikotoka. Mwaka 1926 Florence Goodenough, Mmarekani, alitengeneza kipimo cha akili ambacho mtoto anachora mtu na mpimaji anahesabu alichokiweka: macho, shingo, vidole, nguo. Baadaye wakaja waliosema mchoro unapima hata moyo. Elizabeth Koppitz aliandika alama zake za hisia mwaka 1968. Ufaransa alikuwepo Louis Corman na mchoro wake wa familia, naye ndiye walimu waliosomea Kongo kwa Kifaransa wanaweza kuwa wamemsikia. Mwaka 1970 Robert Burns na Harvard Kaufman wakaongeza jambo ambalo mimi nalishukuru hadi leo: usimwambie mtoto achore familia imesimama tu, mwambie achore kila mtu akifanya kitu.

Kisha watu wakaanza kuzikagua hizo alama. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Uingereza, Glyn Thomas na Richard Jolley, walipitia ushahidi uliokuwepo na kuhitimisha kwamba mchoro peke yake una utata mno hauwezi kutegemewa kueleza hisia za mtoto. Mkono mkubwa unaweza kuwa kipigo. Unaweza pia kuwa mtoto aliyejifunza jana kuhesabu vidole vitano na anataka vyote vionekane, sasa bila kiganja kikubwa vitakaa wapi?

Kilichonigusa zaidi ni kazi ya Ariane Gernhardt, Heidi Keller na wenzao, waliolinganisha michoro ya familia ya watoto wa Ujerumani na ya watoto wa Kinso, watu wa vijijini huko Kamerun. Watoto wa Kinso walichora watu wadogo, nyuso hazina tabasamu, mikono imeshuka ubavuni. Ukichukua vigezo vilivyotungwa Ulaya na Marekani, hizo ni dalili za mtoto asiye na utulivu na wazazi wake. Lakini ndivyo watoto wa kule wanavyochora watu, basi. Niliposoma hayo nilichomoa michoro ya darasa langu nikaitandaza sakafuni. Wadogo, wamenyooka, mikono chini. Kwetu mtoto anafundishwa kusimama hivyo mbele ya wakubwa. Hata picha zetu za studio tunapiga hivyo, baba amekaa kwenye kiti kana kwamba anasubiri hukumu, na hakuna anayesema familia hiyo haipendani.

Umri nao usisahaulike. Mtoto wa miaka mitatu au minne huchora kichwa kilichoota miguu, tumbo hana habari nalo. Kumpimia ukaribu wa mama na baba kwenye vichwa vyenye miguu ni kupiga ramli. Wangu wa topu wameshapata mwili, na wanachora wanachokijua kuliko wanachokiona: mtoto ndani ya tumbo la mama, maharage ndani ya sufuria iliyofunikwa, shilingi ndani ya mfuko wa baba. Georges-Henri Luquet aliliandika jambo hilo Ufaransa mwaka 1927. Mwalimu mgeni huwa anashtuka akiona mama tumbo lake liko wazi.

Sasa, kama siiamini orodha, michoro naitumia ya nini? Naitumia ili mtoto aongee. Julien Gross na Harlene Hayne, kule Nyuzilandi, walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto wadogo waliochora huku wakisimulia siku waliyofurahi, kuogopa au kukasirika walieleza mambo karibu mara mbili ya wale walioambiwa wasimulie tu. Mimi nimeliona hilo bila maabara. Mtoto ukimkalisha mbele yako na kumtazama machoni atakwambia "nzuri" kwa kila swali. Mpe karatasi, kaa ubavuni, macho yenu wote wawili yawe kwenye karatasi, na atakueleza hadi bei ya makaa.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Ijumaa baada ya uji nagawa karatasi, mara nyingi upande wa nyuma wa fomu zilizoharibika ofisini. Kwenye ya kwanza nawaambia: chora watu wanaolala nyumba moja na wewe, kila mmoja anafanya kitu. Tukishakusanya, labda wiki inayofuata, nawapa ya pili: chora watu wako. Sisemi zaidi. Wengine wananikazania, "Ticha, watu wangu nani?" Nawaambia wewe ndiye unayewajua.

Karatasi hizo mbili huwa hazifanani, na hapo ndipo mazungumzo yalipo. Kwa Mganda mwenye bibi Masaka, kwa Mkongomani ambaye ndugu yake mkubwa alibaki Bukavu, kwa mtoto wa mke wa pili, wanaolala naye na walio wake ni hesabu mbili tofauti. Binti mmoja kwenye karatasi ya kwanza aliweka watu watatu, na kwenye ya pili akajaza kumi na tisa, akageuza na nyuma. Aliwataja wote. Wengine walikuwa wameshafariki, alinieleza bila kubadilisha sauti, na mmoja alikuwa mbuzi.

Simuulizi mtoto "kwa nini baba hayupo?" Simuulizi "huyu anakupiga?" Swali la namna hiyo linamwekea jibu mdomoni, na mtoto wa miaka sita anapenda kumfurahisha mwalimu. Nasema "niambie kuhusu huyu", "hapa wanafanya nini?", "halafu?" Alichosema nakiandika nyuma ya karatasi kwa maneno yake, na tarehe. Karatasi inaingia kwenye faili la kabati lenye kufuli.

Tarehe ina kazi kubwa, kwa sababu mchoro mmoja hauniambii kitu. Nangojea mabadiliko. Kulikuwa na mtoto aliyezoea kuchora mama, yeye, mdogo wake, na kisanduku kidogo chenye uso ndani. "Papa anakaa kwenye simu ya mama," alinieleza. "Chaji ikiisha anaenda." Baba alikuwa amebaki Goma. Kisanduku kilikuwepo wiki zote, na uso ndani, wakati mwingine na masharubu. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kwenye michoro yake kisanduku kiliendelea kuwepo, lakini ndani hamna kitu. Wiki ya kwanza nikanyamaza. Wiki iliyofuata, tena hamna kitu. Nilimuuliza kama naweza kumwonyesha mama yake, akakubali kwa kichwa. Mama alipoviona hivyo visanduku vitupu alikaa kwenye kiti cha mtoto. Alikuwa amemwambia simu imeharibika. Tuliongea mpaka mlinzi akaja kufunga geti, juu ya nini cha kumwambia mtoto wakati wewe mwenyewe hujui.

Bunduki na helikopta sizihesabu haraka hivyo. Ni kweli wapo walioviona. Ila nusu ya wavulana wangu huchungulia kwenye kibanda cha video karibu na soko, ambako VJ anatafsiri filamu ya vita kwa Kiganda siku nzima kwa sauti ya kuvunja kuta, na vifaru wanavyovichora vimetoka huko. Ninayemwangalia kwa makini ni yule anayerudia tukio lilelile, mstari kwa mstari, na kila akimaliza uso wake uko vilevile au mbaya zaidi.

Na wapo ambao mchoro hausemi lolote. Mvulana aliyenipa wasiwasi kuliko wote alikuwa na mchoro mzuri kuliko wote: nyumba yenye bomba la moshi, baba, mama, kaka, dada, maua mawili, jua linacheka. Aliutoa kwenye chati ya manila iliyokuwa ukutani. Bomba la moshi! Katwe tunapikia sigiri mlangoni, moshi unakwenda kwa jirani. Kilichosema kwa niaba yake kilikuwa saa tisa mchana, wenzake wakikimbilia geti na yeye akitafuta kitu cha kufagia. Yaliyokuwa nyuma ya hilo si yangu kuyaandika hapa. Chati niliibandua siku hiyohiyo.

Mtoto akiniambia jambo zito, kazi yangu si upelelezi. Simhoji mara ya pili, simwahidi kwamba sitamwambia mtu, na mchoro siupeleki kwa anayetuhumiwa kwenda "kusuluhisha". Naenda kwa mwalimu wa malezi na mkuu wa shule, na kuna dawati la watoto na familia katika polisi. Kuna pia Sauti 116, namba ya bure ya serikali ya kulinda watoto, mtu yeyote anaweza kuipiga, hata jirani. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu, na nyingine kwenye mlango wa choo cha wasichana kwa urefu wa macho yao.

Kilichobaki ni ubishi wangu na mkuu wa shule. Kila siku ya wazazi ikikaribia anataka familia zibandikwe ukutani, eti wageni wafurahi. Namkatalia. Baba mmoja akijiona hayupo kwenye mchoro wa mwanawe mbele ya majirani, mtoto ndiye atakayelipa jioni. Kwa hiyo siku hiyo tunabandika wanyama: korongo wa bendera, twiga wenye miguu saba, kuku wengi mno. Mkuu analalamika kwamba ukuta wangu ni mbuga ya wanyama na kwamba wafadhili wanapenda familia. Mwaka huu ameleta manila mpya mwenyewe. Nimezipokea, nikamshukuru, na tumeanza ng'ombe.