Damu ya kaka ilivyopanda basi kutoka Kigoma hadi Dar

Daktari aliposhuku saratani ya damu, ile aina ya CML, akasema kaka apimwe vinasaba, wifi yangu, mke wa kaka, alinuna siku nzima, akidhani sisi mawifi tunataka kujua watoto ni wa nani. Ikabidi nimkalishe chini. Kinachotafutwa, dada yangu, ni vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) namba 9 na 22 vilivyobadilishana mahali ndani ya uboho wa mifupa, vikazaa jeni mbovu iitwayo BCR-ABL, inayoleta saratani hiyo. Hairithiwi, watoto hawamo.

Tayari kaka alikuwa ameshanyweshwa dawa za malaria mpaka masikio yanamlia, kisa bandama limevimba hadi kitovuni. Kumbe chembe nyeupe zimepita laki mbili! Dar wakamwanzishia imatinibu, kidonge kinachoizuia kazi ya jeni hiyo hiyo. Ila kila miezi mitatu lazima jeni hiyo ipimwe imebaki kiasi gani, na wajuaji wakanishauri nimsafirishe mgonjwa kila mara. Kwa nauli ya nani?

Nikawauliza maabara: mnamtaka mtu au damu? Damu, wakasema. Kichupa cha kifuniko cha zambarau, kibaki na ubaridi bila kugeuka barafu, kifike ndani ya siku tatu.

Safari ya kwanza nilimkabidhi kondakta. Bwana yule, kwa huruma zake, akaona barafu yangu haitoshi, akakihamishia kichupa kwenye deli la migebuka la abiria mwingine. Damu ilifika jiwe, inanuka samaki. Mtaalamu wa maabara akanipigia: "Dada, umetuma sampuli au kitoweo?"

Iliyofuata nilipanda nayo mwenyewe. Kichupa nikakiviringisha pamba, nikakitia kwenye kopo la plastiki, nikalifunga khanga, barafu zikakaa nje ya khanga. Pembeni nikaweka kichupa kingine cha maji matupu, mpelelezi wangu: maji yakianza kuganda napunguza barafu, yakipoteza ubaridi naongeza tukifika Dodoma. Abiria wa jirani alidhani nabeba chanjo, akaniachia nafasi ya miguu. Na itolewe Jumatatu. Damu ya Ijumaa itakuta milango imefungwa.

Kinachoniudhi, mashine yenyewe ni GeneXpert, ileile inayopima makohozi ya TB mikoani. Tofauti ni katriji tu, kile kikopo cha kipimo kinachochomekwa kwenye mashine, na ya kipimo chetu sikuipata Kigoma.

Nauli, barafu na chai njiani, laki na ushee, kwenda na kurudi. Majibu: jeni mbovu imebaki asilimia 6. Kwa miezi mitatu daktari alitaka isizidi 10, na mwaka ukitimia ishuke hadi 0.1. Kidonge kaka anameza akishashiba ugali, na glasi kubwa ya maji. Akijaribu tumbo tupu, anatapika hela yetu yote.