Hita ya Landrova ya Baba

Mikono yangu bado inanuka mpira na maji ya rejeta, na nimeshanawa mara tatu. Hita imefungwa. Inafanya kazi. Nimeona niandike leo leo kabla sijasahau mambo madogo madogo.

Anayeishi Dar akisikia habari ya hita kwenye gari la Tanzania atashangaa. Aje Makete, huku mkoani Njombe, mwezi wa saba. Alfajiri unakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi, shamba zima jeupe, ukikanyaga unasikia linavunjika chini ya kiatu. Kule juu Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, ndiko Baba alikopita karibu miaka 30 akibeba viazi na pareto, kwa Landrova 109 ya mwaka 1966 aliyoinunua kwa watu wa misheni. Gari lile halikuwa na kitu cha kumpasha joto hata ncha ya kidole. Mama alimwekea blanketi la kufunika magoti. Kioo cha mbele kikiingia ukungu, Baba alikata kiazi kibichi akakipaka kwa ndani, juu hadi chini, na kwa muda barabara ilionekana.

Landrova za enzi hizo zilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza, hita ilikuwa nyongeza, anayeitaka anailipia. Nyingi zilizokuja Afrika zilikuja bila. Kwenye gari letu, ukutani mbele ya miguu, kulikuwa na matundu mawili yaliyozibwa kwa mpira. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiibofya ile mipira kwa kidole cha mguu, safari nzima. Sikujua kwamba naichezea nafasi ya kitu ambacho hakikuletwa.

Mwaka huu miguu ya Baba imekuwa inamsumbua sana, na kila mwezi lazima tushuke naye hospitali. Nikamwomba mtoto wa shangazi aliyeko Birmingham anitafutie hita ya zamani, ya enzi moja na gari. Akapata moja ya kampuni ya Smiths, ya duara kama sufuria, yenye vimilango viwili vya bati mbele. Ilikuja ndani ya begi la mtu, imefungwa kwenye taulo.

Ukiifungua ndani haina maajabu. Kuna kirejeta kidogo cha shaba, na nyuma yake feni. Maji ya moto yanatoka kwenye silinda hedi, kichwa cha injini, kupitia mpira wa nusu inchi, yanazunguka kwenye kile kirejeta, kisha yanarudi upande wa chini wa rejeta kubwa. Feni inasukuma hewa ya humo humo ndani ya gari ipite kwenye shaba ya moto. Joto lenyewe ni lile ambalo rejeta ingelitupa nje. Hilo lilinigusa nilipolielewa. Miaka yote ile joto lilikuwepo, nyuma ya bati moja tu, hatua moja kutoka magotini mwa Baba.

Fundi wetu ni mzee wa hapa Njombe, na Landrova anazijua kwa mlio. Aliziba upande mmoja wa kirejeta, akakizamisha kwenye karai la maji na kupuliza kwa pampu ya baiskeli. Vipovu vikatoka kona ya chini, vyembamba, vimejipanga kama uzi. Akapaziba kwa risasi ya kuyeyusha, akazamisha tena, maji yakatulia. Mota tuliijaribu mezani kwanza. Ilikuwa imekwama, tukasafisha brashi zake kwa msasa mwembamba, ikazunguka, lakini ikawa inavuta hewa badala ya kusukuma. Gari hili ethi yake ni ya chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kama Landrova nyingi za miaka hiyo, na mota ilikuwa inazunguka kinyume. Tukabadilishana nyaya mbili na upepo ukaja usoni.

Tukafunga. Nikaendesha dakika 40, feni inalia vizuri, na hewa inayotoka ni baridi ile ile ya nje.

Tukadhani ni hewa iliyonaswa ndani ya mipira. Tulipandisha gari kwenye mwinuko pua ikiwa juu, tukafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado ya baridi, tukaiwasha na kuiacha ingurume, huku kijana wa fundi akiminya mipira kwa mkono. “Dada, vinatoka,” akasema, na kweli vipovu vilitoka. Nikaendesha tena. Sasa hewa ikawa ya uvuguvugu, kama pumzi ya mtoto. Basi.

Fundi mzee hakusema neno. Siku ya pili asubuhi aliwasha injini ikiwa ya baridi, akaweka kiganja juu ya mpira wa juu wa rejeta. Haikupita muda akaniita. “Njoo ushike, mwanangu.” Ulishaanza kupata moto kidogo, mapema mno. Maji yalikuwa yanakwenda kwenye rejeta tangu injini inawaka, bila kizuizi. Akafungua nyumba ya themostati, kile kidude cha kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mapema. Ndani mlikuwa mtupu.

Nilikaa chini kwenye gogo. Nakumbuka nikiwa darasa la nne fundi mmoja alimwambia Baba kwamba kile kidude hakina kazi huku kwenye baridi, bora kitolewe gari lisichemshe. Naielewa hofu yake. Kwenye mwinuko wa Kitulo maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100, na gari limejaa magunia. Lakini dawa ya kuchemsha ilikuwa kusafisha rejeta na kuweka mfuniko unaobana vizuri. Themostati kazi yake ni kuyafungia maji ndani ya injini mpaka yapate moto, ndipo iyaachie. Ukiitoa kwenye nchi ya baridi, injini inazunguka siku nzima bila kufikia joto lake. Ndiyo maana Baba alikuwa anavuta choki, ile ya kuiongezea injini ya baridi petroli, hadi saa nne asubuhi. Ndiyo maana petroli ilikuwa inaisha, na usiku akipiga hesabu kwenye daftari anamwuliza Mama kama gari lina laana. Mzee wangu alilipia baridi ile kila lita. Nimelia kidogo pale gereji, na sioni aibu kuandika.

Themostati ya nyuzi 82 ilipatikana hapa hapa mjini. Gasketi yake fundi aliikata kwa mkasi, kwa kugandamiza karatasi juu ya chuma na kufuata alama.

Leo alfajiri nimempandisha Baba, tukaenda upande wa Makete. Mwanzo ilitoka harufu ya vumbi la zamani, vumbi la nchi nyingine, halafu ikaja hewa ya moto hasa. Alifungua kimlango kimoja kwa kidole, akakifunga, akakifungua tena. Akavua kiatu kimoja. Ukungu ulikuwa mzito lakini kwenye kioo, pale bomba dogo la hita linapopulizia, palifunguka duara, likakua, likafika upande wake.

“Kumbe lilikuwa linawezekana,” akasema. Baadaye akanyamaza muda mrefu.

Tulipofika juu nilimsaidia kushuka ili anyooshe miguu. Koti lake lilikuwa zito upande mmoja. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kiazi kibichi, kimeoshwa, na kisu kidogo kimefungwa kwenye leso.