Picha imetoka vizuri

Jana mwanangu kaninyooshea simu usoni, kanipiga picha, na kabla sijaiona akasema "imetoka vizuri baba". Nikanyamaza mpaka akaniuliza kama nimekasirika. Sijakasirika, ni hayo maneno tu, nami nishawahi kumwambia mtu, na hadi leo sielewi kama nilimdanganya.

Enzi zile nilikuwa nafanya kazi maabara. Tulikuwa tunapiga picha za macho na masikio kwa mwanga, hakuna sindano hakuna kuchana, kwa mashine ya OCT. We chukulia ultrasaundi, ila badala ya sauti unatumia mwanga wa infraredi, unaugawa, nusu iende kwenye kioo nusu jichoni, zikirudi unazikutanisha, kisha kompyuta inakuchorea tabaka moja moja. Asubuhi ilikuwa masikio, kazi nyepesi, ngoma ya sikio ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita na haipepesi. Macho ndo balaa.

Mchana akaja mama mmoja wa makamo, kajitolea kuwa kwenye kundi la wazima, wale wa kulinganishia na wagonjwa. Akaweka kidevu, paji la uso likagusa mkanda, nikamwambia mama tazama huo msalaba wa kijani, usipepese. Hakupepesa. Alitulia mpaka nikawa nasikia feni ya kompyuta. Jicho la kulia safi, mchoro wa unene wa nyuzi za neva ya jicho ukapanda milima miwili, maana juu na chini ya neva ndiko nyuzi zinakojaa. Tukaja la kushoto. Mlima wa kwanza ukapanda, wa pili ukalala. Nikadhani kasogea, nikarudia, ukalala palepale. Nikarudia mara ya tatu, hiyo sasa ilikuwa dua.

"Mwanangu, mbona unarudiarudia? Kuna nini?"

Mlima kulala hivyo huweza kuwa glakoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho. Kwa kawaida haiumi, inakula pembeni taratibu mwenyewe huna habari, na neva ikishakufa hairudi. Lakini mimi si daktari, na pale kwetu hukuruhusiwa kumtajia mtu ugonjwa, unapeleka picha kwa msimamizi, basi. Nikasema, "Picha imetoka vizuri, mama." Na kweli ilitoka vizuri, haina ukungu, kila tabaka linaonekana.

Akafurahi, akanishukuru mara mbili, akachukua pochi yake akaenda.

Jioni msimamizi akaiona, akaandika barua ya kumwomba aende kwa daktari wa macho. Kama aliipata, kama alienda, sijui, miezi michache baadaye nilishahama. Wenzangu wanasema nilifuata utaratibu na nadhani wako sawa, ila utaratibu haukuniagiza nitabasamu.

Ile picha ya mtoto nimeitazama leo asubuhi. Nimefumba macho yote mawili.