Euro 135 kwa ajili ya hedifoni

Jamani barua ya faini imefika, euro 135, na kosa langu ni kusikiliza muziki juu ya baiskeli. Baiskeli, sio gari. Wewe uliye nyumbani hebu piga hesabu kwa shilingi.

Niko Lyon, Ufaransa, kazi yangu kupeleka oda za chakula, barabarani masaa tisa mpaka kumi kwa siku. Wiki mbili zilizopita jioni natokea upande wa Part-Dieu, nimechomeka hedifoni sikio moja tu, taa nyekundu nikasimama vizuri, polisi wawili wakasogea, mmoja akagusa sikio lake. Nikamwambia ni moja tu, hili lingine liko wazi nasikia kila kitu. Akasema moja au mbili kosa ni lile lile. Sheria yenyewe ipo tangu Julai 2015, na faini haijali kama unaendesha lori au baiskeli, mwenye gari anakatwa na pointi tatu za leseni juu yake, sisi ni hela tu. Wanaruhusiwa wenye vifaa vya kusaidia kusikia. Mtu anayekanyaga pedeli atozwe sawa na mwenye lori, hilo mimi silikubali mpaka kesho.

Na kilichoniuma zaidi sio hela. Kutwa nzima hapa sisikii Kiswahili. Mteja anafungua mlango, bonsoir, merci, mlango unafungwa. Zile taarabu za sikioni ndiyo ilikuwa lugha yangu, nikipanda mlima wa Croix-Rousse na begi mgongoni ndizo zilikuwa zinanisukuma.

Barua nilisomewa na kaka mmoja Mkomoro, tunasubirigi oda pamoja nje ya mgahawa. Akanieleza ukilipa mapema inashuka mpaka 90, ukiipuuza inapanda mpaka 375. Akakaa na mimi tukalipa kwa simu, oda mbili zikampita na hakulalamika. Mungu amlipe. Halafu akakunja mkono wa shati akanionyesha kovu refu kwenye kiwiko, tramu ilitokea nyuma yake yeye yuko kwenye muziki, kengele hakuisikia kabisa.

Tangu siku ile ya polisi naendesha masikio wazi na kusema kweli nasikia vitu ambavyo sikuwa navisikia, tairi la gari kwenye lami yenye maji, mlango wa gari lililopaki unavyofyatuka kabla haujafunguka, baiskeli ya umeme inayokuja kasi nyuma. Baiskeli yangu haina saidimira, nyuma naonea masikio. Kwa hiyo sheria naielewa, kiasi cha faini ndiyo hapana.

Wewe unayepanga kuja Ufaransa kwa kazi hii, usimsikilize jamaa yako wa Uingereza, kule hakuna sheria ya kukataza hedifoni kwenye baiskeli, huku ipo na wanakamata. Simu usiishike mkononi ukiwa unaendesha, nayo ni 135, nunua kishikio uifunge kwenye usukani, ramani iongee kwa spika. Na barua ya serikali usiiweke kabatini eti utaisoma wikiendi.

Jana usiku nimepanda Croix-Rousse bila muziki, katikati ya mlima pumzi imekata nikaanza kuimba mwenyewe kwa sauti, Kiswahili changu, mama mmoja mzee alikuwa dirishani akanipungia mkono.