Changarawe ya Tangi la Mjomba

Jana binti yangu aliikuta changarawe imeanikwa juu ya gunia pale roshani, akauliza, "Baba, kwani duka la samaki haliuzi nyingine?" Linauza. Lakini swali lake lilinirudisha Buruburu, Nairobi, Jumamosi ile ya kuhamisha tangi la samaki la mjomba.

Tangi lenyewe ni la kioo: sentimita 100 kwa 40, kimo 50. Likijaa ni lita 200. Changarawe ya kina cha sentimita 5 humo ndani ni lita 20, na kwa kuwa lita moja ya changarawe hukaribia kilo moja na nusu, hizo ni kilo 30 zinazokalia kioo. Ndiyo maana halibebwi na changarawe ndani, hata maji yakishatolewa yote. Kioo cha chini hupinda kidogo tu, gundi ya silikoni ya pembeni ikaachia, na uvujaji unauona ukishajaza maji nyumba mpya. Shemeji alitaka tulinyanyue hivyo hivyo tuokoe muda. Mjomba hakubishana naye. Alichukua kikombe cha plastiki, akaanza kuchota.

Samaki walikuwa wameshatolewa, wamo kwenye ndoo yenye maji yao wenyewe, pampu ya betri ikiwapulizia hewa. Sababu ya kuwatanguliza tuliiona tulipofika pembeni, chini ya lile jiwe kubwa bapa.

Mjomba alilinyanyua taratibu. Chini yake changarawe ilikuwa nyeusi tititi, imegandamana kama mashapo ya kahawa. Alipotia vidole, viputo vikubwa vikapanda na kupasuka, na chumba kizima kikanuka mayai viza. Wale konokono wembamba wanaojichimbia chini mchana walikuwa wamebaki maganda matupu, meupe. Akachota gao moja, akalipeleka dirishani penye mwanga, akayageuzageuza mawe kwa kidole gumba.

"Mjomba," akaniambia, "hapa hewa haikufika."

Mabaki ya chakula na kinyesi vilikuwa vimejikusanya chini ya lile jiwe, maji hayapiti. Pasipo oksijeni hushamiri bakteria wanaotumia salfeti, nao hutoa haidrojeni salfaidi, ndiyo ile harufu. Gesi hiyo ni sumu kwa samaki. Ukiitibua wakiwa ndani unaweza kuwapoteza. Weusi ni salfaidi ya chuma inayojishika kwenye mawe.

Shemeji akaja na chupa ya Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. "Mjomba, tuimwagie yote, tumalize." Mjomba akakataa katakata, na mimi niko upande wake mpaka leo. Jik ni ya tangi lililoingia ugonjwa. Hapo hutumika ile ya kawaida isiyo na manukato, kikombe kimoja kwa vikombe kumi na tisa vya maji, changarawe ikiwa imeshaoshwa, kwa sababu uchafu huila klorini kabla haijafanya kazi. Baada ya hapo ni kusuuza sana, kuloweka kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini, na kuianika mpaka isinuke kabisa. Isichanganywe na siki hata kidogo, hutoa gesi inayochoma mapafu. Changarawe ya mjomba haikuwa na ugonjwa. Sehemu kubwa ilikuwa hai, imebeba bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali, na klorini ingewaua wote.

Basi tukaigawa. Ile nzuri, ya rangi ya udongo, ikaingia kwenye ndoo na maji ya tangi, yakiifunika kwa vidole viwili tu, mfuniko wazi. Ukijaza ndoo maji na kufunga, oksijeni huisha na bakteria hufa njiani. Nyeusi tukaipeleka nje. Ilikuwa wiki ya mgao wa maji, kwa hiyo tuliosha kwa maji ya tangi, kidogo kidogo kwenye karai: lita mbili za changarawe, koroga kwa mkono, mwaga, rudia. Ukijaza karai, mawe ya chini hayasogei na tope hubaki humo humo. Sabuni hapana, kwa sababu hujishika kwenye mawe na haitoki yote. Maji machafu yakaenda kwenye sukuma wiki. Tulipoianika, ule weusi ukaanza kufifia, mpaka jioni mawe mengi yamekuwa ya kijivu.

Safari ya kwenda nyumba mpya, Kahawa Wendani, haina cha kusimulia zaidi ya foleni ya barabara ya Outering. Huko maji ya bomba yalikuwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini kwenye pipa. Iliyooshwa tukaitandaza chini, iliyo hai juu, mahali maji yanapita na oksijeni ipo. Sahani ikawekwa katikati tumwagie juu yake, changarawe isichimbike. Jiwe bapa likaegemezwa wima. Samaki wakalishwa kiduchu wiki nzima. Nitriti ilionekana siku chache kwenye kipimo, ikapotea.

Tangu hapo mjomba hufyonza theluthi moja ya changarawe kila wiki kwa chupa ya soda ya nusu lita, imekatwa kitako na kuchomekwa mpira mdomoni. Mawe huinuka ndani ya chupa na kuanguka, uchafu unapanda na mpira.

Kama ile nyeusi ilistahili jasho lote lile, hapo nasitasita. Ilikuwa kama kilo saba, na bei yake si kubwa. Ila hata mpya nayo huoshwa vile vile kwenye karai, na ile ya hadwea huja mara nyingine na mawe ya chokaa, ambayo hufanya maji laini ya Nairobi kuwa magumu, yaani yenye madini mengi. Hiyo hupimwa kwa matone ya siki juu ya jiwe kavu: likitoa povu, usilitie kwenye tangi kabla hujajua unafuga samaki gani. Gapi na samaki wa Ziwa Malawi watalifurahia. Samaki wa maji laini kama neoni tetra hawatalifurahia.