Kibo mwezi Juni: maandalizi ya theluji iliyobaki baada ya masika

Tunapanda Kibo, kilele kirefu zaidi cha Mlima Kilimanjaro. Njia ni Marangu, katikati ya Juni, siku sita badala ya tano. Siku ya ziada inalaliwa kambi ya Horombo (mita 3,720): asubuhi kupanda hadi Zebra Rocks, miamba yenye mistari, mchana kurudi. Kufikia katikati ya Juni changarawe za juu ya Kibo Hut, kambi ya mwisho, mara nyingi zimeshaachwa na theluji, lakini ukingo wa kasoko (shimo la volkano) bado unayo. Ratiba nzima inapangwa na kipande kimoja, cha ukingoni, kutoka Gilman's Point (mita 5,685) hadi Stella Point (mita 5,756). Hapo njia inakata ubavu wa ndani wa ukingo. Nyayo za waliotangulia huyeyuka mchana, usiku zikaganda kuwa mashimo ya barafu.

Saa tulizokubaliana: kuondoka Kibo Hut saa 5:30 usiku, Gilman's kabla ya saa 12 alfajiri, Uhuru, yaani kileleni kabisa, kabla ya saa 2, na kurudi Gilman's kabla ya saa 4. Ubavu wa ndani hukaa kivulini asubuhi, kwa hiyo wakati wa kwenda hatari ni kuteleza. Wakati wa kurudi jua limeshaingia, na hatari inakuwa kuzama hadi goti na kuteguka. Asiyefika Stella saa 2 anageuka, hata kama anajisikia vizuri.

Spaiki, yaani meno ya chuma ya kuvaa chini ya buti yasiteleze: tumechagua za mnyororo zenye mpira wa kuvutwa juu ya buti. Kramponi, zenye meno marefu zaidi, zinataka buti yenye soli isiyopinda, na mgeni nazo hujichoma shavu la mguu. Shoka la barafu nalo, kwa njia hii, ni uzito wa bure kwa asiyejua kulitumia. Zoezi la nyumbani: kuzivaa gizani, umevaa glavu nene, mpaka ziingie chini ya dakika mbili. Ukizikodi Moshi, vuta mpira kwa nguvu na uangalie pale unaposhikana na pete ya chuma, kwani ndipo unapoanza kupasuka. Zivaliwe Gilman's, si kabla, maana mawe yanakula meno. Theluji ikilowa hujikusanya chini ya soli mpaka meno hayagusi kitu. Gonga ubavu wa buti kwa fimbo kila baada ya hatua chache.

Buti iwe na nafasi ya soksi nene. Watu huongeza pea ya pili ndani ya buti ya saizi ya kawaida, damu inabanwa, na vidole vinakufa ganzi kabla hata ya Gilman's. Jaketi na suruali za theluji hupatikana soko la mitumba la Memorial, Moshi, kwa bei nafuu kuliko dukani. Kagua zipu kwanza. Gaita, kitambaa cha kufunika mdomo wa buti na sehemu ya chini ya mguu, ni lazima, la sivyo theluji inaingia kwa juu na soksi ikilowa imeharibu usiku wote.

Maji lita tatu, ndani ya chupa zenye mdomo mpana. Mrija wa mfuko wa maji hugandia njiani, usiutegemee. Chupa zipinduliwe ndani ya soksi: barafu huanzia juu, hivyo mdomo unabaki wazi. Betri za taa ya kichwa ziwe za lithiamu, na simu ikae kifuani.

Miwani ya jua daraja la 3 au 4 (kipimo cha giza la lenzi), yenye kinga za pembeni, moja kwa kila mtu. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na macho huanza kuwasha saa kadhaa baadaye, wakati umeshashuka. Krimu ipakwe pia chini ya kidevu na puani.

Mazoezi sasa ni kushuka ngazi na mzigo wa kilo 8. Magoti huumia zaidi kurudi kuliko kwenda.

Bado: gaita pea mbili, na kumuuliza mwongoza wageni wetu hali ya ukingo siku ya kulala Horombo. Wanaoshuka siku hiyo ndio wenye habari ya kweli.