Mitego ya nzi na nyigu katika parseli ya Goma: ninavyoitengeneza na ninapoiweka

Mtego wa nzi hauwekwi mlangoni. Harufu inayomvuta nzi hadi ndani ya chupa ndiyo hiyo hiyo inayomtoa kwa jirani, na akifika haingii moja kwa moja: anatua kwanza ukutani, kwenye kamba ya nguo, kwenye sahani, ndipo anaufuata mtego. Ukiutundika kando ya dirisha la jikoni, nzi wa avenii nzima watapitia kwenye chakula chako. Ndiyo maana wengi huujaribu wiki moja, wakasema mitego inaongeza nzi, wakaitupa. Na kwa pale walipoiweka, wanasema kweli.

Mimi huuweka kati ya mahali nzi wanapozaliwa na mahali tunapokula, ila karibu zaidi na kule wanakozaliwa. Katika parseli (kiwanja cha nyumba) ya huku Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, kupajua si kazi: choo, pubeli (pipa la taka), banda la kuku au la simbilisi, na pale yanapomwagwa maji ya kuoshea sambaza, yaani samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mita 6 hadi 10 kutoka mlango wa jikoni zinatosha. Parseli ikiwa ndogo, chagua pembe iliyo mbali kuliko zote, na utumie chambo chenye harufu ndogo, nitakachokieleza chini.

Upepo nao uangaliwe. Nzi hutembea mchana na usiku hulala, kwa hiyo upepo wa mchana ndio wa kuhesabu, na huku kwetu mchana upepo hutoka ziwani kupanda mjini. Mtego ukiwa upande wa ziwa, uvundo wote unapita nyumbani. Ukiwa upande wa mlima wa volkano, Nyiragongo, unakwenda zake. Kwenye parseli zilizozungushiwa ukuta wa mawe ya volkano upepo huzunguka ovyo. Hapo nafukiza kipande cha karatasi saa nne au saa tano asubuhi, naangalia moshi unaelekea wapi. Jua la asubuhi lifike kwenye mtego, kwa sababu hewa ya Goma ni ya ubaridi na chambo kilichopoa hakinuki. Usiutundike juu sana: nzi wa nyumbani huzunguka karibu na ardhi, na mtego ulio kati ya chini kabisa na mita moja unashika kuliko ule uliofungwa pembeni mwa paa.

Mtego rahisi ni wa chupa ya maji ya lita 1.5. Unaikata pale mabega yanapoishia, unakipindua kile kipande cha juu na kukitumbukiza ndani ya cha chini mdomo ukitazama chini, kisha unaziba maungio kwa utepe wa plastiki au kwa waya mwembamba. Kasoro yake iko mdomoni. Tundu la chupa lina upana wa karibu sentimita 2, na nzi anayetafuta njia analiona. Acha kifuniko palepale, ukitoboe kwa msumari uliopashwa moto, tundu la sentimita 1 tu. Maji ya chambo yaishie angalau sentimita 4 chini ya tundu hilo. Yakilifikia, nzi anakunywa akiwa amesimama mlangoni na kuondoka ameshiba. Tia matone machache ya sabuni ya maji, au kijiko kidogo cha sabuni ya unga. Bila sabuni nzi hutembea juu ya maji na kuruka tena. Yenye sabuni hayambebi, anazama.

Hiyo ya chupa inafaa kwa haraka. Ninaoutegemea ni mtego wa koni, kwa sababu haumzamishi nzi kwenye chambo na unatumika tena na tena. Unataka chupa ya maji ya lita 5, ile ya plastiki angavu, pamoja na kipande cha wavu wa madirisha. Ule wa waya ni bora kuliko wa plastiki kwa kuwa unasimama wenyewe bila kulegea. Kata kitako cha chupa chote, mdomo wa juu ubaki na kifuniko chake.

Koni haihitaji fundi. Pima upana wa chupa pale ulipoikata, tuseme sentimita 16. Chora kwenye wavu nusu duara, kutoka katikati hadi ukingoni iwe sentimita 16 hizo hizo, na uongeze sentimita 1.5 upande mmoja kwa ajili ya kushonea. Ukiikunja ukaishona, mdomo wa koni unalingana na chupa bila kupima tena, na ncha yake inapanda karibu sentimita 14. Tundu la juu lina ujanja uleule: kabla ya kukunja, kata kwenye ncha nusu duara ndogo, kutoka katikati hadi ukingoni sentimita 1, na koni ikisimama utapata tundu la upana wa sentimita 1. Kwa nzi wa nyumbani hiyo inatosha. Kwa wale wakubwa wa kijani wanaotoka chooni kata sentimita 1.2.

Ingiza koni ndani ya chupa kutoka chini, ncha juu. Toboa chupa kwa msumari wa moto kuzunguka ukingo, matundu manane au kumi, ushone wavu na plastiki pamoja kwa waya mwembamba. Halafu inua mtego uutazame dhidi ya mwanga. Popote unapoona upenyo kati ya wavu na plastiki, nzi naye atauona; dondoshea nta ya mshumaa au sukumia kitambaa. Ncha ya koni iishie katikati ya urefu wa chupa. Ikikaribia shingo, nzi wakijaa juu wanaanza kurudi walikotoka.

Simamisha mtego juu ya vijiwe vitatu, uache nafasi ya sentimita 2 hadi 3 chini, na chambo kiwe kwenye mkebe wa sardini katikati, chini ya koni. Nafasi hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Nzi anaingia kwa miguu akifuata harufu, anakula gizani, na akishiba anaruka kuelekea mwanga, yaani juu. Anapita kwenye tundu, anajikuta ndani ya chupa, na kwa kuwa mwanga umemzunguka hakumbuki kushuka gizani. Ukiuinua sentimita 5 au 6, mwanga unaingia kwa pembeni na anatoka alikoingilia. Mwisho, toboa matundu madogo kwa sindano ya moto kwenye mabega ya chupa. Bila hayo jua linatoa mvuke, plastiki inakuwa na ukungu ndani, na chupa yenye ukungu haimwonyeshi nzi mwanga wowote.

Kuhusu chambo, anza kwa kuangalia ni nzi gani wanaokusumbua. Wa nyumbani ni wa kijivu, mwenye mistari minne myeusi mgongoni, na hupenda vitu vinavyochachuka. Wa kijani au buluu wanaong'aa hufuata samaki, nyama iliyooza na choo. Mtego ukijaa wa kijani huku jikoni wa kijivu wakiendelea kucheza, chambo ndicho kisichofaa; mtego hauna kosa.

Kwa wa kijani natumia vichwa na matumbo ya sambaza, ambayo pale soko la Kituku kando ya ziwa au kwa mama yeyote wa sambaza huyakosi. Kikombe kimoja, nusu lita ya maji, kijiko cha sukari, vyote ndani ya chupa iliyowekwa juani siku tatu. Kifuniko kilegezwe. Ukikikaza, gesi inajaa, na siku utakapofungua utaoga nguo na mwili. Kwa wa kijivu, na kwa parseli ndogo ambako jirani ananusa kila kitu, nachanganya nusu lita ya maji ya uvuguvugu, vijiko vitatu vikubwa vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chachu ya mkate. Siku ya pili tayari inavuta. Vyote viwili vikikauka havifai kitu, kwa hiyo kuanzia Juni hadi Agosti, mvua ikiwa imekatika, naongeza maji kila asubuhi.

Sumu siweki. Zile zinazouzwa sokoni kwa vichupa visivyo na karatasi ya maelezo hazina nafasi karibu na watoto na kuku, na mtego uliotengenezwa sawasawa hauzihitaji.

Kila wiki namwaga chambo chote, na hapa sitaki uvivu. Nzi jike hutaga mayai mia moja na zaidi kwa mara moja, na hutaga mara kadhaa maishani. Kwenye joto la nyuzi 20 hivi, ambalo ndilo letu, yai huchukua karibu wiki tatu kuwa nzi. Kwenye joto la nyuzi 30 ni siku kumi tu. Chambo kilichosahauliwa kinageuka kuwa banda la kufugia nzi. Nikikuta funza, nawamwagia maji yanayochemka kwanza, ndipo namwaga chooni. Kufukia huku kwetu si rahisi, maana ukichimba kidogo unagonga mwamba. Mtego wa koni wenyewe nauingiza kwenye mfuko mweusi wa plastiki, naufunga na kuuacha juani hadi nzi wote wafe, halafu nawatoa kwa mdomo wa chupa. Wachache waliokufa nawaacha ndani, kwa sababu nzi huvutwa na mahali ambapo nzi wengine wapo. Kuku siwapi hata wakilia njaa: nzi hubeba aina ya tegu inayokaa kwenye matumbo ya kuku.

Kuna mtego mwingine ambao watu hawauhesabu kuwa mtego, nao ni tiyo ya choo, yaani bomba la kutolea hewa. Kwa kuwa mashimo yetu ni mafupi juu ya mwamba, nzi wa chooni wako karibu na mdomo wa shimo kuliko sehemu zenye udongo laini. Weka tiyo ya PVC kutoka shimoni hadi nusu mita juu ya bati, upana wa milimita 150 ukiipata, 110 ikiwa ndiyo iliyopo, na ufunge juu yake wavu wa madirisha. Chumba cha choo kiwe na kiza. Nzi anayezaliwa shimoni huona mwanga mmoja tu, ule wa juu ya tiyo. Anapanda, anagonga wavu, anafia hapo. Ukiacha mlango wazi au dirisha kubwa, mwanga unakuwa pande mbili na tiyo inabaki kutoa harufu tu. Wavu wa plastiki huliwa na jua na gesi za shimo, kwa hiyo panda uukague kila mwanzo wa mvua. Ukichanika, kazi ya tiyo upande wa nzi imekwisha.

Nyigu ni habari tofauti. Mitego ya nyigu inayoonyeshwa kwenye video za Ulaya na Marekani imefikiriwa kwa nyigu wa huko, wenye mistari ya njano na nyeusi, ambao koloni moja ina maelfu na huvamia soda na nyama mezani. Wanaojenga chini ya mabati yetu ni wa jamii ya Polistes na Belonogaster: kiota kidogo, kilicho wazi, kinachoning'inia kwa kikonyo kimoja. Hao huwinda viwavi wa kuwalisha watoto wao, na chupa ya samaki waliooza haiwahusu. Chambo kitamu kinawapata wachache, hasa karibu na ndizi zilizoiva au mahali panapouzwa kasiksi (pombe ya ndizi): glasi moja ya kasiksi au ndizi iliyopondwa kwa maji, vijiko viwili vya siki, sabuni kidogo, katika ile chupa ya lita 1.5. Siki haiachwi, kwa sababu ndiyo inayowakinga nyuki wasiingie. Asali usitie kabisa. Ukikuta nyuki ndani ya mtego, uondoe siku hiyo hiyo.

Kinachowapunguza nyigu kweli ni kukagua pembe za paa kila wiki. Kiota kinapoanza huwa na vyumba vichache na nyigu mmoja au wawili. Ufagio wenye mti mrefu unamaliza jambo. Kikishakua, nangoja alfajiri kabla ya jua, wakati baridi imewafanya wazito. Navaa koti lenye mikono mirefu, kitambaa usoni, suruali ndani ya soksi, na kwa bomba la kunyunyizia narusha maji yenye vijiko vikubwa vitatu vya sabuni ya maji kwa lita moja. Sabuni inaziba matundu yao ya kupumulia na wanaanguka. Simama pembeni, kamwe usisimame chini ya kiota, na njia ya kukimbilia iwe wazi nyuma yako. Moto na petroli ni marufuku: nyumba nyingi hapa ni za mbao, zimebanana, na moto wa kiota unaweza kuchukua mtaa. Mtu akiumwa kisha uso ukavimba au pumzi ikabana, apelekwe hospitali palepale, bila kusubiri dawa ya nyumbani.

Nyigu wa udongo, wale wembamba wanaofinyanga vijumba ukutani, waache. Hawana koloni la kulinda na ni nadra kumuuma mtu asiyewashika. Kundi la nyuki kwenye dari ni la kuitiwa mfugaji wa nyuki, halihusiani na bomba lako la sabuni.

Baada ya kuangusha kiota, kwangua kikonyo chote kwenye ubao na upake pale mafuta yaliyochanganywa na sabuni. Kikonyo kikibaki, mara nyingi mwingine anakuja kujenga sentimita chache kando yake, kwa hiyo ukaguzi wa wiki inayofuata unaanzia hapo.